Damu ya upande gani?

Jumapili moja nilipika pilau. Pembeni nikaweka kachumbari, na humo nikakatia majani ya giligilani, kitu ambacho kwangu ni nadra, siku hiyo jirani alivuna kwenye ndoo zake za ukutani akaniletea fungu. Tulikuwa na mgeni pia. Shangazi yake Dogo alikuwa kaja kutoka Singida, mara ya kwanza kufika kwangu toka tumzike mdogo wangu.

(Nitamwita Dogo, maana siku akikua akaikuta hii sitaki anidai.)

Sasa Dogo akaanza kazi. Anachambua. Jani moja moja, kwa ncha za vidole, analipanga pembeni ya sahani kama mtu anahesabu hela, kitunguu anakula, nyanya anakula, ila jani la kijani hata liwe dogo kama ukucha analitoa. Nikamwambia kula, acha utundu. Akasema, "Mamkubwa, linanuka sabuni."

Shangazi yake akabaki na tonge mkononi. Akamwangalia, halafu machozi yakaanza kumtoka huku anacheka. Anasema baba yake Dogo alikuwa hivyo hivyo, nyumbani kwao ukipikwa mchuzi wenye giligilani yeye anatengewa bakuli lake, na maneno yake yalikuwa hayo hayo, linanuka sabuni.

Akajifuta na ncha ya khanga. "Damu haipotei."

Na Dogo hajawahi kula na baba yake. Baba yake alikwenda machimboni upande wa Geita mtoto akiwa na miezi minane, habari iliyofuata kutoka kwake ilikuwa ya msiba. Mama yake, mdogo wangu, naye akaondoka Dogo akiwa na miaka miwili. Sasa hivi ana 11 na muda wote huo yuko kwangu. Kwa hiyo unaelewa ile Jumapili kwa nini sebule nzima tulifurahi, ni kama marehemu kapita dirishani kasalimia.

Wiki tatu baadaye nikayasikia yale maneno tena, sebule ile ile, kutoka mdomo mwingine.

Kidumu

Mwalimu wa darasa alinipigia saa nne asubuhi. Dogo kampiga mwenzie na kidumu, kidumu chenye maji, lita 5, kisa foleni ya bomba. Mwenzie kashonwa nyuzi 3 juu ya jicho. Nikaomba ruhusa kazini nikapanda bodaboda, nikaanzia zahanati kumuomba msamaha mama wa yule mtoto, ambaye alinisikiliza akiwa anaangalia ukuta, nikalipa matibabu, ndo nikaenda shule. Dogo yuko kwenye benchi nje ya ofisi, magoti yanatikisika.

Njia nzima namuuliza kwa nini. Hajibu. Na sio kiburi, nilimwangalia vizuri, alikuwa kama na yeye analitafuta hilo jibu halioni.

Jioni nikamsimulia mama yangu, Bibi wa hawa watoto, ambaye anakaa na sisi tangu presha ianze kumsumbua. Alikuwa anachambua mchicha kwenye ungo. Hakuinua hata uso.

"Damu haipotei. Si niliwaambia?"

Maneno yale yale mawili ya shangazi, hata hajayapunguza.

Dogo alikuwa nyuma ya pazia la korido. Najua kwa sababu niliona vidole vyake vya miguu.

Nikanyamaza. Nikaendelea kumenya vitunguu swaumu.

Hicho ndo kilichonikaa kichwani wiki zote hizi, sio kidumu, ni kule kunyamaza, kwa sababu ukweli ni kwamba nilivyokuwa juu ya bodaboda asubuhi ile na mimi nilishawaza hivyo hivyo. Nilishawaza "baba yake mtupu" hata kabla sijafika zahanati.

Harufu ya sabuni

Methali sitatumia, ya nyoka mnaijua na ya samaki mbichi mnaijua, wahenga wenyewe walishindwa kukubaliana wakatuachia zote. Usiku nikaunga bando nikaanza kutafuta. Nilianza na kilicho chepesi, giligilani, maana cha kidumu nilikuwa nakiogopa.

Na kumbe ipo!

Mwaka 2012 watafiti wa 23andMe, kampuni ya Marekani ya kupima vinasaba, walitoa majibu ya maelfu ya wateja wao waliokuwa wameulizwa kama giligilani kwao inanuka sabuni. Wakakuta sehemu moja kwenye vinasaba jirani na jeni inaitwa OR6A2, ambayo kazi yake ni kutengeneza kipokezi cha harufu puani, na kipokezi hicho kinazidaka vizuri sana harufu za kemikali zinaitwa aldehaidi, ambazo zimo kwenye jani la giligilani na kwenye sabuni zimo. Yaani Dogo hakuwa anadeka. Pua yake ilikuwa inasema kweli tupu. Nikamtumia shangazi yake voisi saa saba usiku, nimefurahi utadhani nimegundua mimi.

Halafu nikaendelea kusoma, na tatizo langu huwa ni hilo.

Watafiti wale wale walisema vinasaba walivyovipima vinaeleza sehemu ndogo tu ya kwa nini watu tunatofautiana kwenye giligilani, haifiki hata asilimia 10. Na mwaka huo huo kule Toronto, Kanada, wengine waliwauliza vijana wenye asili za sehemu mbalimbali. Wenye asili ya Ulaya, asilimia 17 walisema hawaitaki. Wenye asili ya Asia Kusini, ambako giligilani iko jikoni kama chumvi, asilimia 7. Wa Mashariki ya Kati 3. Sasa hapo ni pua zao zimeumbwa tofauti, au ni mama zao walikuwa wanapika nini? Inaweza ikawa vyote na namba zenyewe haziwezi kukutofautishia.

Jani tu hilo. Kitu kidogo kuliko vyote, chenye jeni inayojulikana mpaka jina, na bado huwezi kusema "hii ni damu" ukalala usingizi. Ugomvi je?

Akina James

Ukiingia kwenye habari hizi lazima ukutane na akina James. Mapacha wa kufanana, yaani wenye vinasaba vilevile, wamezaliwa Ohio, Marekani, 1939, wakachukuliwa wachanga na familia mbili zisizojuana, na kila familia ikampa wa kwake jina la James bila kujua wenzao wamefanya nini. Wakaja kukutana 1979 wana miaka 39. Kila mmoja alishaoa Linda wakaachana, kaoa tena, Betty. Kila mmoja utotoni alikuwa na mbwa anaitwa Toy. Sigara wanavuta aina moja, kucha wanatafuna wote, hata kichwa kinawauma kwa namna inayofanana. Profesa Thomas Bouchard wa Chuo Kikuu cha Minnesota akawaita awapime, na hapo ndo ukaanza utafiti wake wa mapacha waliolelewa mbali mbali, ukaenda miaka 20.

Nikamsomea binti yangu, ana miaka 12. Akaniambia, "Mama, kwani ipo jeni ya kuoa Betty?"

Nilijivunia swali hilo kuliko matokeo yake yote ya muhula.

Kwa sababu nenda leo Kariakoo, chukua wanaume wawili wowote wenye miaka 60, waulize majina ya wake zao, utapata akina Asha na Mwajuma mpaka uchoke, na Linda na Betty kwa Wamarekani wa rika lile yalikuwa majina ya namna hiyo. Halafu ukimkalisha mtu siku nzima umtafutie mnachofanana, hukosi. Wachumba wapya wote si ndo wanaishi hivyo, "na wewe unapenda chapati za jana? Mungu mkubwa!"

Ila Bouchard hakuishia kwenye mbwa, na nakiri nilitamani angeishia hapo. Aliendelea kukusanya mpaka wakazidi jozi 100, na majibu aliyotoa kwenye jarida la Science 1990 yalinikaa vibaya: kwenye vipimo vya haiba, yaani mpole au mkali, mwoga au jasiri, mwenye kujichanganya au wa kukaa peke yake, mapacha wa kufanana waliolelewa mbali mbali walikuwa wanafanana karibu sawa na wale waliolelewa nyumba moja.

Rudia hapo. Nyumba moja, nyumba mbili, karibu sawa.

Nusu ya nini

Mwaka 2015 watafiti walikusanya tafiti za mapacha za miaka 50 wakazijumlisha, jozi zaidi ya milioni 14, sifa 17,804, kuanzia presha mpaka haiba. Wastani uliotoka wa mchango wa vinasaba ni asilimia 49.

Nikasema basi, kesi imeisha, Bibi nusu mimi nusu, tugawane tulale.

Kumbe sikuelewa hata kidogo, na ilinichukua siku kadhaa kuelewa kwamba sijaelewa. Hiyo 49 haizungumzii mtu mmoja. Inazungumzia tofauti kati ya watu wengi, kwenye mazingira yale waliyopimwa. Kuna mfano wa Richard Lewontin, mwanabaiolojia wa Marekani, wa mwaka 1970, nitauleta shambani kwetu na samadi nimeongezea mwenyewe. Una kiroba kimoja cha mbegu ya mahindi ya kienyeji, mchanganyiko. Nusu unapanda kwenye shamba lenye samadi na mvua, nusu unapanda kwenye kichanga. Ndani ya lile lenye samadi udongo ni mmoja, kwa hiyo muhindi huu ukiuzidi urefu ule, ni mbegu. Kwenye kichanga hivyo hivyo, mbegu. Lakini shamba zima la kwanza limelizidi la pili mara mbili, na hapo mbegu haihusiki kabisa, kiroba si kilikuwa kimoja?

Kwa hiyo huwezi kumpasua Dogo ukasema hii 49 ya wazazi wake na hii 51 ni ya mamkubwa. Ni sawa na kuuliza ugali huu asilimia ngapi ni moto.

Na namba yenyewe haitulii. Mwaka 2003 Eric Turkheimer na wenzake walitoa utafiti wa mapacha wa miaka 7 huko Marekani, wanapima akili. Kwenye familia zenye uwezo, tofauti za watoto zilikuwa karibu zote za vinasaba. Kwenye familia maskini vinasaba vilikuwa karibu havionekani, nyumba ndo ilikuwa inaamua. Nikawaza watoto wanaokwenda shule na vidumu. Nikawaza pia kwamba mapacha wengi wa tafiti hizi ni wa nchi tajiri, sisi ni wachache sana humo.

Ingawa kuna moja ya huku kwetu kabisa, na niliipenda. Mama yangu ana neno lingine, kwamba Dogo kunywa maziwa freshi nusu lita bila kuhema ni damu ya baba yake, kwao wafugaji, wakati binti yangu akinywa kikombe tu tumbo linaunguruma usiku kucha. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walitoa utafiti wa watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan, makabila 43, wakakuta mabadiliko ya vinasaba yanayomwezesha mtu mzima kuendelea kusaga sukari ya maziwa, na hayakuwa yale ya Wazungu, ni mengine, yametokea huku huku kwenye jamii za wafugaji ndani ya maelfu machache ya miaka. Sasa angalia kilichotokea. Watu walianza kufuga, wakanywa, wakawanywesha watoto, kizazi baada ya kizazi waliobahatika kuyaweza maziwa wakazaa zaidi. Malezi yalitangulia. Damu ikaja kufuata nyuma na kibuyu.

Kwa hiyo kwenye maziwa Bibi anaweza kuwa sahihi. Nilimwambia. Alisema anajua.

Mzuri wangu, mbaya wa kwao

Hapa ndo paliponiuma.

Hawa watafiti mazingira wanayagawa mara mbili. Kuna yale mnayoshiriki nyumbani, wazazi hao hao, sheria hizo hizo, chakula hicho hicho. Kuna na yale ya kila mtoto peke yake, rafiki aliyempata, ugonjwa, mwalimu, ajali. Na kwenye haiba, yale ya kushiriki yanatoka na mchango mdogo mno, mara nyingine karibu na sifuri. Watoto wawili wa kulea wasio ndugu wa damu, wakue chini ya bati moja, ukija kuwapima ukubwani haiba zao hazifanani sana kuliko watu wawili uliowaokota stendi.

Mimi binti yangu ni mpole. Toka mchanga. Na mimi kwenye vikao vya wazazi nimeshawahi kusimama, naona aibu kuandika hii, nimesimama nikawaambia wenzangu siri ni utaratibu, mtoto ukimpa utaratibu hakusumbui, wengine waliandika kwenye daftari.

Yaani yule mpole nilimhesabu malezi, yule wa kidumu nikamhesabu damu. Na wote wamekula kwenye sufuria moja miaka tisa.

Sifuri hiyo ina mipaka yake na naitaja sio kwa kujifariji tu. Wanapima zaidi nyumba za kawaida, ambazo mtoto anakula, analala ndani, hateswi. Mtoto wa kupigwa na kutelekezwa ni habari nyingine. Na haiba sio mtu mzima mzima, dini, lugha, jinsi ya kumwamkia mkubwa, hayo nyumba inatoa kabisa. Dogo ni Yanga kwa sababu mume wangu ni Yanga. Hiyo haina jeni.

Lakini ile sehemu iliyobaki, isiyo ya vinasaba wala ya nyumba, inatoka wapi? Mwaka 2013 watafiti wa Ujerumani, baadhi yao wa Dresden, walichukua panya 40 wenye vinasaba vilevile, wakawaweka kwenye tundu moja kubwa la ghorofa kadhaa, kila mmoja na kifaa cha kumfuatilia. Damu moja, nyumba moja, chakula kimoja. Baada ya miezi 3 walishakuwa watu tofauti, samahani, panya tofauti, wengine wazururaji wa kila pembe, wengine wanashinda sehemu zile zile, na waliozurura zaidi ubongo wao ulikuwa umeota seli mpya nyingi zaidi. Labda siku ya kwanza mmoja alipita kulia mwingine kushoto na ikatosha.

Mimi na marehemu mdogo wangu tulilala kitanda kimoja miaka 14. Ngoma ikipita mtaani yeye yuko katikati ya duara, mimi nachungulia dirishani nahesabu saa ya kurudi mama. Nilikuwa nalijua hili toka zamani na sikuwahi kujiuliza.

Waya wa pasi

Wiki ya nne nikampigia shangazi yake Dogo. Sikuzunguka. Nikamuuliza kaka yako ule ukali aliutoa wapi, maana na mimi nilimwona, harusi ya mdogo wangu yenyewe iliishia na kiti kuvunjika.

Akakaa kimya mpaka nikadhani simu imekata.

"Dada, hivi unajua sisi tulikuwa tunapigwa na nini?"

Waya wa pasi. Baba yao. Na kaka mtu, baba yake Dogo, alikuwa anajitanguliza makusudi, anafanya kosa lingine kubwa zaidi ili mzee amalizie kwake, wadogo wasifikiwe. Alikuwa na miaka minane, tisa. Kuanzia hapo ndo akaanza kupigana na mitaani.

Nilikaa na simu mkononi muda mrefu.

Kwa sababu babu yake Dogo alimpa mwanae vyote viwili, mbegu na waya, kwa mkono ule ule. Mtoto aliyelelewa na mzazi wake mwenyewe akitoka mkali kama mzazi, kutokea nje huwezi kujua ni kipi, na kumbe ndo maana hawa watu wanahangaika na mapacha na watoto wa kulea. Na familia zetu zote zinatoa hukumu kwa ushahidi huo huo mmoja wa kumwona baba na kumwona mwana.

Kuna jeni moja magazeti ya nje yaliibandika jina la jeni ya wapiganaji, MAOA. Mwaka 1993 Uholanzi ilionekana familia ambayo wanaume wake kadhaa jeni hiyo ilikuwa imekufa kabisa na walikuwa na vurugu kweli, lakini hali hiyo ni adimu mno. Aina yake inayofanya kazi kwa kiwango cha chini ndo ya kawaida, wanaume wengi tu wanatembea nayo. Sasa kule Dunedin, New Zealand, kuna watoto elfu moja na kitu waliozaliwa 1972 na 1973 ambao wanafuatiliwa toka utotoni. Mwaka 2002 ikatolewa taarifa kwamba wanaume wenye aina hiyo ambao utotoni waliteswa ndo waliangukia sana kwenye ukorofi na uhalifu. Wenye aina hiyo hiyo ambao hawakuteswa, hapana.

Nilitaka sana kuishia hapo, maana ni jibu tamu, Dogo hajaguswa na waya. Lakini tafiti za baadaye nyingine ziliiunga mkono nyingine zikaikataa, na siku hizi wataalamu hawaziamini tena habari za jeni moja moja, wanasema tabia zinabebwa na maelfu ya vinasaba na kila kimoja kinaongeza chembe. Basi nikaiacha. Mtoto sijampima na sitampima.

Ndoo

Kitu kimoja wote tulikisahau, mimi, Bibi, shangazi. Nusu ya vinasaba vya Dogo vimetoka kwa mdogo wangu. Ni vyetu.

Na sisi tukoje? Mimi nikiwa darasa la tano, mama yangu mzazi, huyu huyu wa mchicha, alimpasulia mwenye nyumba ndoo ya plastiki kichwani uani mbele ya wapangaji wote. Ugomvi ulikuwa wa zamu ya bomba.

Ndoo. Bomba. Nilikuwa nafua nilipokumbuka, ikabidi nikae chini.

Nikamfuata sebuleni. Nikamwambia mama, unaikumbuka ndoo ya mwenye nyumba? Akaniangalia muda, akatikisa kichwa taratibu kama mtu anakumbuka chakula kizuri.

"Yule alijitakia."

Nikamwambia na Dogo anasema mwenzie alimruka foleni. Akachukua rimoti akaongeza sauti ya tivii. Ila toka siku hiyo yale maneno mawili sijayasikia tena, na juzi nilimkuta anampakulia Dogo wa kwanza.

Umeme ulipokatika

Dogo mwenyewe alikuja kuniuliza usiku mmoja umeme umekatika, mimi nakunja sare za shule kwa tochi ya simu.

"Mamkubwa, baba alikuwa anapiga watu?"

Nikamwambia ndiyo. Nikamwambia na bibi yako alikuwa anapiga.

"Bibi?"

Nikamsimulia ya ndoo. Alicheka mpaka akaanguka juu ya nguo nilizokunja. Kisha nikamwambia baba yake alikuwa anawakinga wadogo zake wasipigwe, nikaishia hapo, waya nimeuacha kwanza, ana miaka 11. Akawa kimya. Halafu bila kuulizwa akaniambia ya kidumu: masikio yalianza kuwaka, akasikia kama kelele, alipokuja kuona ilikuwa imeshatokea. Nikamwambia basi yakiwaka tena weka kidumu chini, hata kama utapoteza foleni, kiweke chini uondoke mikono mitupu. Akauliza na maji je? Nikamwambia maji tutanunua.

Kama hayo ni malezi sijui. Ndo nilichokuwa nacho usiku ule.

Jumamosi jirani kaleta giligilani tena. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba jani likipondwa vizuri zile aldehaidi zinavunjwa, harufu inapungua, kwa hiyo nikalitwanga lote kwenye kinu na pilipili, ndimu na chumvi, ikawa chatne ya kijani. Bibi akakaanga bagia. Dogo akachovya ya kwanza kwa mashaka, akaitafuna amefumba jicho moja.

"Bado sabuni," akasema.

Akachovya nyingine.

"Ila ya kuogea. Sio ya kufulia."